Mafuta ya Difu na Mpwa Wangu

Msomaji mpenzi, labda wewe huna gari, na ukiona neno difu utataka kufungua ukurasa mwingine. Ngoja kidogo. Habari hii ni ya gari, lakini ni habari pia ya kijana mmoja niliyemdhania mwizi, na kosa lake lilikuwa hili tu, kwamba aliniambia kweli kila wiki nami sikuipenda.

Mimi nakaa Mlali, wilaya ya Kongwa. Wanaoijua nchi yetu wajua kwamba kiangazi chake ni kirefu, na mvua zikija, tangu Desemba mpaka Aprili, barabara za udongo hugeuka kabisa. Korongo ambalo miezi mingi lilikuwa mchanga mtupu, watoto wakichimba visima ndani yake, hujaa maji kwa saa moja, na kesho yake limekwisha kauka. Kwa hiyo gari la kufaa kwetu ni lile livutalo kwa magurudumu yote manne. Nilipostaafu ualimu nilinunua pikapu ya namna hiyo, kuukuu lakini yenye nguvu. Sitaitaja aina yake, maana kosa halikuwa la walioitengeneza. Kazi yake ilikuwa kupeleka mahindi ya watu soko la Kibaigwa na kurudi na saruji, mabati na chumvi. Na usiku, mtu akizidiwa na ugonjwa, watu huja kupiga hodi kwa mwenye gari. Hayo wayajua wewe nawe kama wakaa kijijini.

Aliyeiendesha ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimlea tangu akiwa na miaka tisa, nikamsomesha mpaka kidato cha nne, halafu nikamlipia mafunzo ya udereva. Ni mtu wa maneno machache.

Sasa nieleze difu ni kitu gani, ili na mama asiyeendesha gari aweze kufuata. Ukichungulia chini ya gari utaona tumbo la chuma, mviringo kama chungu, limeshikwa na ekseli. Ndani mna gurudumu kubwa lenye meno, mafundi huliita krauni, na jingine dogo la kulizungusha, ndilo pinioni. Nguvu ya injini huja kwa propela, huingia kwa pinioni, hukata kona, huenda kwenye magurudumu ya kulia na kushoto. Meno hayo husuguana kwa nguvu nyingi sana, kwa hiyo huogelea katika mafuta mazito yaliyotiwa dawa yenye kiberiti. Ndiyo maana mafuta ya difu yananuka vibaya kuliko mafuta ya injini. Difu ya mbele ya gari langu yataka zaidi ya lita mbili. Na kila mahali chuma kinachozunguka kinapotokea nje, pana sili, yaani pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaokikumbatia kile chuma ili mafuta yasitoke na uchafu usiingie.

Pikapu yetu ina difu mbili. Ya nyuma hufanya kazi kila siku. Ya mbele, kama umefungua zile habu za kwenye magurudumu, hukaa kimya kiangazi chote mpaka siku ya matope. Mtu aweza kutembea miezi sita na difu ya mbele imekauka, asisikie hata mlio mmoja.

Basi mwezi wa Januari mwaka 2020, mwaka ule wa mvua nyingi, tuliona matone chini ya gari asubuhi, mbele, pale propela inapoingia kwenye difu. Nikapeleka gari kwa fundi. Akatoa sili ya pinioni, akatia mpya, akaniambia kazi imekwisha. Nikalipa. Kesho yake asubuhi nikainama kutazama: chini pakavu. Siku ya pili pakavu, na ya tatu vilevile. Nikafurahi sana.

Haikupita wiki moja kijana akanijia.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba.”

“Difu ya mbele yataka mafuta, mjomba. Nusu lita.”

“Mafuta gani tena, na sili tumeweka mpya?”

“Nimefungua kizibo, nimeingiza kidole, sikuyafikia.”

Nikampa fedha. Wiki iliyofuata akaja tena na maneno yaleyale. Safari hii nikamshika mkono, nikampeleka mpaka penye gari, nikamwonyesha ardhi. Pakavu, na kuku wanatembea. Nikamwuliza, “Hayo mafuta yanakwenda wapi?” Akafikiri kidogo, akasema, “Labda linavuja likiwa linakwenda, mjomba.”

Nikacheka. Mimi niliyefundisha hesabu na sayansi miaka thelathini nikacheka! Nilimwambia kwamba kitu kinachovuja huvuja mchana na usiku, kama mtungi. Nikampa fedha, lakini moyoni nikaanza kupiga hesabu nyingine.

Mara ya tatu sikumpa. Nilisema neno moja ambalo hata sasa nikilikumbuka naona haya. Nilisema, “Mafuta yanauzwa Kibaigwa, na Kibaigwa waenda wewe.” Sikutamka wizi. Lakini yeye si mtoto, alielewa. Aliweka ufunguo juu ya meza, akaaga, akaenda zake. Baada ya siku mbili nikasikia kwamba anabeba magunia sokoni. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, “Lakini wewe mwenyewe ulifungua hicho kizibo ukapima?” Nikamjibu kwamba mambo ya gari hayajui. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mboga.

Sikupima, wala sikutia mafuta. Niliendesha mwenyewe, nikitazama chini kila asubuhi, nikaona pakavu, nikazidi kujisifu.

Usiku mmoja wa Machi, mvua ikinyesha upande wa milimani, jirani yangu akanigongea. Mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu asubuhi. Mtoto amelala vibaya, na nesi amesema apelekwe hospitali ya wilaya, Kongwa, upesi. Gari la wagonjwa lilikwisha toka na mgonjwa mwingine. Tukamlaza yule mama nyuma juu ya godoro, akina mama wawili wakakaa naye, wanaume wanne wakapanda, tukaondoka.

Tulipofika penye korongo maji yalikuwa yamefika magotini. Nikashuka, nikafunga habu zote mbili, nikaingiza gia ya magurudumu manne, tukashuka polepole. Hapo nikasikia mlio. Kwanza ulikuwa kama nyuki ndani ya mzinga. Halafu ukawa kama mawe mawili ya kusagia yasiyo na uwele katikati. Tulipoanza kupanda upande wa pili kikalia kishindo kimoja, pa! Magurudumu ya mbele yakakwama, gari likasimama katikati ya maji.

Msomaji, sikuombei usiku wa namna hiyo. Wale wanaume walimtoa mgonjwa kwa blanketi, wakavuka naye maji wamemwinua mabegani, na mimi nawamulikia kwa taa ya simu huku nikisikiliza kama mto unashuka kutoka juu. Ng’ambo ya pili tulingoja. Mungu bariki, likatokea lori la mahindi lililochelewa, dereva akamchukua mbele, karibu naye. Alifanyiwa upasuaji alfajiri. Mama alipona, na mtoto, wa kike, alipona. Gari langu lilitolewa asubuhi kwa maksai jozi mbili, na saa chache baadaye korongo lilijaa mpaka kingoni.

Fundi aliyekuja kulitazama ni mzee wa hapa kwetu, dereva wa malori wa zamani. Baba yake alifanya kazi katika karakana za Kongwa siku za mradi wa karanga. Vijana hawaujui mradi huo. Serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947, ikitaka kulima karanga kwa mashine katika nchi yetu hii kavu, ikauacha mwaka 1951, na fedha zilizopotea zilikuwa kama pauni milioni 36. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Mvua hazikutosha. Na udongo wa Kongwa, ukikauka, huwa mgumu kama sakafu, tena umejaa chembe kali za mchanga zinazokula chuma. Majembe yalilika upesi kuliko walivyofikiri wale mabwana. Mzee alisema baba yake alimfundisha neno moja tu juu ya mashine: katika nchi hii, osha kwanza, halafu ndipo utazame.

Basi hakushika spana. Aliomba mafuta ya taa, burashi na maji. Akaosha difu yote, ekseli yote, mpaka nyuma ya magurudumu, akakausha kwa kitambaa. Tope lilipotoka tukaona. Kwenye pinioni, pale pa sili mpya, palikuwa na ute kidogo tu. Lakini nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna duara la chuma, kubwa kama kichwa cha mtoto, ambalo gurudumu hugeukia kona; ndani yake mna grisi. Grisi ile ilikuwa imegeuka mchuzi mweusi. Mafuta ya difu yalipita sili za ndani za ekseli, yakaingia humo, yakachanganyika na grisi, na mchuzi ukatokea kwenye magurudumu, ukachukuliwa na matope ya njiani. Ndiyo maana nyumbani hapakuwa na tone.

Kisha akafungua kizibo cha kutilia mafuta. (Angalia jambo hili, maana limewaliza wengi: fungua kwanza kizibo cha juu cha kutilia, ndipo ufungue cha chini cha kumwagia. Ukimwaga kwanza na cha juu kikakataa kufunguka, umebaki na difu tupu.) Kilichotoka chini kilikuwa kidogo, hakijai kikombe, na rangi yake ni ya chai ya maziwa, nacho kinametameta kwa unga wa chuma. Rangi hiyo ya maziwa ni ya maji yaliyoingia. Kumetameta ni meno na beringi zinazokwisha.

Nikasema, “Basi ni sili za ekseli. Yule fundi wa kwanza alibadili sili siyo.”

Mzee hakunijibu. Akaniuliza, “Mwalimu, difu yako hupumulia wapi?”

Sikujua kwamba difu hupumua. Akanionyesha juu ya ekseli kitu kidogo kama kifuniko cha chupa, mafundi hukiita briza. Akakitoa, akakipulizia kwa mdomo. Haikupita hewa hata kidogo. Akachokoa kwa waya, likatoka tope gumu kama tofali.

Na mimi mwalimu wa sayansi nikaelewa kila kitu mara moja. Difu ikifanya kazi hupata moto. Hewa iliyo ndani, ikipata moto, hutanuka. Ikiwa briza ni wazi, hewa hutoka kidogo na mambo huwa salama. Ikiwa imezibwa, hewa hutafuta njia, nayo husukuma mafuta katika sili iliyo dhaifu kuliko nyingine. Ukibadili hiyo, itasukuma katika inayofuata. Halafu gari likishuka katika maji baridi hali difu ina moto, hewa hunywea ghafula, na difu hunyonya. Na kwa kuwa haiwezi kuvuta hewa, huvuta maji kwa midomo ya sili. Jioni gari likipoa na kusimama, hakuna tena cha kusukuma, na chini panakuwa pakavu. Kijana aliniambia, linavuja likiwa linakwenda. Ndivyo ilivyokuwa.

Ikiwa nawe una gari la namna hii, basi, nitakuambia nilivyojifunza, si kwa mpangilio wa kitabu. Usiamini ardhi peke yake. Osha, kausha, endesha mwendo wa kutosha gari lipate moto katika njia mbaya, kisha lala chini utazame lingali na moto. Injini ipo juu ya difu, na mafuta yake yakivuja hutelemka na kukudanganya kuwa difu ndiyo inayovuja. Kwa hiyo gusa, nusa. Ya difu ni mazito na yananuka kiberiti. Mafuta mekundu mepesi huenda ni ya usukani. Ukiona unyevu, ufuate mpaka juu mwanzo wake, maana mafuta hutelemka, tena upepo wa mwendo huyapeleka nyuma.

Kabla ya kununua sili yoyote, toa briza uipulizie. Ni kazi ya dakika tano, wala haina gharama. Tazama vizibo viwili kama vimekaza na kama pete zake ni nzima, kisha ule ungio pale tumbo la difu linapofungwa kwa bolti. Pima mafuta gari likiwa mahali tambarare, difu imepoa: yafike kwenye ukingo wa chini wa tundu la kutilia, basi. Wako wanaojaza gari likiwa limeinama, difu ikanywa kupita kiasi, nayo ikatapika, wakaiita mbovu.

Kama sili yenyewe ndiyo mbaya, usikimbilie kutia mpya juu ya chuma kibovu. Vumbi letu hushika mafuta penye mdomo wa sili, likawa kama msasa, na mwaka hata mwaka huchora mfereji katika chuma. Pitisha ukucha, ukinasa, sili mpya haitadumu mpaka chuma kile kitengenezwe au kibadilishwe. Na ile nati kubwa ya pinioni si nati ya kukaza kwa hasira. Ndiyo inayopima mkazo wa beringi. Fundi mwangalifu hutia alama kabla ya kuilegeza, naye hairudishi kwa kukisia. Ukimwona fundi anaifungua bila kutazama alama wala kitabu, mwombe apumzike kidogo.

Na mchuzi ule wa nyuma ya gurudumu usiuache. Ukifika kwenye breki, utalilia jambo jingine kubwa kuliko difu.

Krauni na pinioni za gari langu zilikuwa zimekwisha. Nilizipata Dodoma mjini, zilizotumika, na beringi zake, kwa fedha za magunia mengi ya mahindi. Nusu lita tatu za mafuta zingeniepushia hayo yote. Lakini fedha hazikunisumbua kama ile safari ya Kibaigwa.

Nilikwenda kwa basi dogo, siku ya soko. Nilimkuta ameketi juu ya magunia anakula muhogo, mabega yamechubuka. Alisimama aliponiona, akaniamkia shikamoo kama kawaida. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Mtu mzima kumwomba radhi kijana aliyemlea mwenyewe ni jambo gumu. Ulimi huwa mzito, na hutafuta namna ya kusema bila kusema. Nilitoa mfukoni ile briza, iliyofungwa katika karatasi, nikampa. Akaitazama, akaigeuza, akaona tope lililobaki pembeni.

Nikasema, “Lilikuwa linavuja likiwa linakwenda. Nilikusingizia. Nisamehe, baba.”

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, “Mama yule alifika?” Habari za usiku ule zilikuwa zimekwisha fika Kibaigwa. Nikamwambia amefika, na mtoto yu mzima. Akasema amalize kwanza magunia aliyokwisha pokea fedha zake, atakuja Jumamosi.

Alikuja Jumapili. Sikumwuliza habari za Jumamosi. Alichukua mpira mwembamba unaostahimili mafuta, akaufunga pale penye briza, akaupandisha mpaka juu kwenye chumba cha injini, karibu na ukuta wa mbele ya dereva, akaufunga kwa waya mahali ambapo gari lisipozama lote maji hayafiki. Difu yetu sasa hupumulia huko juu. Mshahara wake tuliupatana upya mbele ya mke wangu. Na kila Jumamosi asubuhi hufungua kizibo, huingiza kidole, kisha huniita nami niingize changu.

Mwanzoni nilimwambia hakuna haja, namwamini. Akasema, “Hapana, mjomba, pima na wewe.” Basi nalala chini ya gari, pamoja na uzee wangu, napima.